Miaka Saba kwa Kurasa Kumi

Jumatatu, 11 Januari 2010

Theluji hadi magotini, na Gun-Britt amekuja hivyo hivyo. Amevua viatu mlangoni, akatoa soksi kavu mfukoni na kuzivaa, kama mtu aliyezoea kuingia nyumba za watu. Kila muhula ofisi ya elimu ya manispaa humtuma atukague, kwa kuwa watoto wangu wawili husomea hapa mezani jikoni, si shuleni. Christelle yuko darasa la tisa. Aurore la nne.

Amekunywa chai, amekula mandazi, amepitia mafaili. Muhula uliopita wote umo: tarehe, somo, kitabu, ukurasa, kilichoeleweka na kisichoeleweka. Ameniambia tena kwamba hajaona nyumba yenye kumbukumbu nadhifu kama yangu. Nikavimba kichwa kidogo. Nilifundisha shule ya msingi Karatina kabla sijaja huku, na mwalimu mkuu wetu akikukuta hujaandika azimio la kazi la wiki, siku hiyo utajuta kuzaliwa.

Kisha akafunga faili, akaweka mkono juu yake. Christelle anamaliza Juni. Akitaka kuendelea gimnasiamu — ndiyo sekondari ya juu ya huku — mafaili peke yake hayatoshi. Kule wanataka alama, na alama hutolewa na shule, kwa mtihani. Kiswidi, Kiingereza, hisabati. Akianguka moja kati ya hayo matatu, mlango umefungwa. Na si kuandika tu. Ni kuandika na kusema.

Kusema. Hapo nikaacha kumimina chai.

Ndiyo sababu nimeanza daftari hili. Kwenye mafaili naandika waliyojifunza watoto. Yangu mimi sina pa kuyaweka.

Alhamisi, 14 Januari

Niliandike hili mara moja nimalize. Christelle alipokuwa na miaka minane, darasa la pili, aliacha kusema shuleni. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Mwalimu wake alikuwa mwema, alilia mbele yangu. Nyumbani mtoto anachonga mdomo toka asubuhi, anabishana na baba yake, anaimba bafuni. Akivuka geti la shule — kimya. Muhula mzima. Daktari aliupa jina lake huo ukimya, akasema tusimlazimishe. Nikaomba ruhusa nimsomeshe mwenyewe mwaka mmoja, apumue. Mwaka ukazaa mwaka. Aurore naye akaona dada yake anasoma na mama huku amevaa pajama, akakataa kuachwa nje ya sherehe.

Miaka saba sasa. Rafu nzima ya sebuleni ni mafaili. Mume wangu Sébastien anasema mgeni akiingia anadhani tunafanya kazi ya kodi.

Nimemuuliza Christelle kuhusu mtihani wa kusema. Amenijibu kwa Kiswidi, bila kuinua macho kwenye kitabu, kwamba atajimudu. Wanangu wananijibu Kiswidi siku zote. Nikiwasemesha Kiswahili wanaelewa hata mafumbo, lakini jibu linakuja na theluji.

Jumapili, 24 Januari

Baada ya ibada mama mmoja wa kanisani amenivuta kando kwenye kahawa. Amesema kwa upole wote kwamba mtoto wa kuku hukua kwa kutoka chini ya bawa, na kwamba mimi bawa langu limekuwa blanketi. Nikacheka. Nimefika nyumbani sicheki tena.

Ziada, jirani wa ghorofa ya chini, amepanda jioni na samaki wa nazi. Huyu ni mtu wa Tanga, hana watoto, na Christelle humsemesha kama anavyotusemesha sisi. Nilipomsimulia amesema, shoga yangu, huyo mama anaongea kuhusu kuku, wewe una binadamu. Tule samaki.

Tukala samaki.

Jumanne, 2 Februari

Leo ndipo nilipojua mwanangu anataka nini. Maombi ya gimnasiamu yanafungwa karibuni, nikakaa naye kwenye kompyuta. Mimi tayari nilikuwa na jibu: programu ya sayansi. Anaweza. Hisabati yake ni safi, kemia anaipenda. Nimeshamwona na koti jeupe, sijui mara ngapi.

Akasogeza kipanya, akabonyeza: programu ya magari.

Nilidhani amekosea mstari. Hakukosea. Mitambo, breki, injini za dizeli, mwaka wa pili mafunzo kazini kwenye gereji za mabasi na malori. Kanieleza yote hayo kwa furaha, na mimi nimekaa kama niliyemwagiwa maji.

Sébastien aliporudi — yeye ni dereva wa basi — nilimwambia akiwa bado amevaa koti. Kwanza akacheka kwa kicheko kile cha kwao Uvira kinachosikika hadi kwenye lifti. Akasema, "Mama Christelle, muache mutoto asome mashini. Mashini haina matata." Halafu wakati wa chakula nikamwona ametulia. Akasema, kama anajiuliza mwenyewe, kwamba pale kwenye karakana yao mafundi wote ni wanaume, sasa msichana huyu ambaye hasemi…

Hakumaliza. Christelle alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji.

Ijumaa, 5 Februari

Siku tatu tumezungumza mambo ya chumvi na theluji tu. Leo, tukiwa kwenye somo la historia, nimeshindwa kuvumilia. Nikamwambia ninachokiogopa: si magari. Naogopa amechagua magari kwa sababu chini ya gari hakuna anayekuuliza neno. Kwamba anatafuta pa kujificha, pakubwa zaidi kuliko jikoni kwetu.

Akafunga kitabu. Akaniangalia. Na akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno mahali pake:

"Mama, sijifichi. Napenda. Ni vitu viwili."

Tukarudi kwenye historia. Baadaye kidogo nikaenda kwenye kompyuta nikamwita, tukatuma maombi pamoja. Chaguo la kwanza: magari, shule moja ya kusini mwa jiji. Chaguo la pili: sayansi — hilo alikubali ili nipate amani.

Kwenye faili nimeandika: Historia, mapinduzi ya viwanda, kurasa nane. Ukweli ni kwamba tulisoma mbili.

Jumamosi, 20 Februari

Theluji imeshinda jiji. Treni za juu ya ardhi zimekwama, mabasi nayo. Sébastien amepiga simu kutoka barabarani: yuko ndani ya basi lake na abiria wake, hawaendi mbele hawarudi nyuma, bibi mmoja anawagawia watu mikate midogo ya mdalasini. Amesikika ana raha kuliko siku ya sikukuu.

Sisi tumebaki ndani. Barua imekuja kutoka ile shule ya magari, kuhusu nafasi maalum. Zipo nafasi chache kwa mwanafunzi ambaye hana alama kama wenzake. Wanamtazama kwa namna nyingine. Barua moja, viambatisho visivyozidi kurasa kumi, na mahojiano.

Nimeisoma mara mbili. Nikageuka nikaitazama rafu. Miaka saba, mafaili yanayopindisha ubao — kurasa kumi!

Aurore ameniuliza kama zake pia zitapunguzwa siku moja. Nimemwambia labda zake hazitahitajika, maana Gun-Britt anasema kuna sheria mpya inakwenda bungeni na kusomesha nyumbani kutakuwa kugumu sana. Nilijiandaa kumbembeleza. Akauliza tu kama shuleni wanaruhusu kuvaa soksi zisizofanana, na kama anaweza kuanza Agosti. Ana rafiki anayeishi ngazi ya pili ya jengo letu, anataka kukaa naye dawati moja.

Hivi ndivyo walivyo. Unakesha unajenga ukuta, kumbe mwenzio anatafuta mlango tu.

Jumatano, 10 Machi

Mitihani ya kuandika imekwisha! Tumeifanyia shule ya hapa jirani, ambayo imekubali kumtahini. Hisabati, Kiingereza, na insha ya Kiswidi. Amekaa nyuma ya darasa, ametoka na wino mkononi. Insha aliandika kuhusu lifti ya jengo letu, jinsi inavyobebana na jiwe lake la uzito. Nimemuuliza kwa nini lifti. Amesema kwa sababu ndiyo aliyoijua.

Tumekula chipsi kituoni. Nimeandika kwenye faili: Chakula na afya.

Jumatano, 17 Machi

Mtihani wa kusema, Kiingereza.

Mwalimu ni mzee mwenye sweta ya kijani na sauti ndogo. Amenikaribisha nikae ndani, pembeni. Kulikuwa na mwanafunzi mwingine wa kuzungumza naye, msichana mwenye tabasamu zuri. Picha tatu mezani. Mwalimu akauliza swali rahisi, swali la kumkaribisha mtu.

Christelle akaangalia picha.

Nimemsomesha Kiingereza mimi mwenyewe. Najua maneno yote yaliyomo kichwani mwake. Nilikaa pale nikiyaona yamejipanga nyuma ya meno yake na hayatoki. Mwalimu akasubiri. Akauliza lingine. Yule msichana akaongea peke yake, akajaribu kumvuta, hakuna. Christelle ameinamisha shingo, mikono chini ya mapaja.

Mwalimu mwishowe akasema imetosha kwa leo. Kwenye korido akaniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba maandishi yake ni mazuri sana, lakini hawezi kutoa alama kwa sauti ambayo hakuisikia. Nikafungua mkoba, nikamwonyesha faili la Kiingereza, madokezo yangu ya mazungumzo yetu, tarehe kwa tarehe. Akayapokea kwa mikono miwili, akayasoma kwa heshima. Akanirudishia. Akasema haya ni masikio yako, mama, si yangu.

Alhamisi, 18 Machi

Sijaandika kitu kwenye mafaili. Hakuna somo leo. Tumelala, tumekula uji, Aurore amechora. Sébastien amempeleka Christelle kutembea hadi kwenye kilima, wamerudi mashavu yamekauka kwa baridi na hawajaniambia walichozungumza.

Jumapili, 21 Machi

Leo nimeijua sababu ya Christelle kufunga kompyuta kila nikipita siku hizi. Yeye mwenyewe amemwandikia yule mwalimu wa Kiingereza. Bila kuniuliza, bila kuniomba nisahihishe. Amenionyesha baada ya kutuma.

Amemweleza kwamba maneno anayo. Kwamba mtu akimtazama mdomo, mdomo unafunga. Lakini simu anapokea kila siku: ya dukani, ya benki, ya ofisi ya baba yake, na mara nyingi ni yeye anayewajibu kwa niaba yetu. Akauliza kama inawezekana mtihani ufanywe kwa simu, hata kama kila mmoja yuko chumba chake ndani ya shule ile ile.

Ni kweli. Nimekaa nikawaza — ni kweli! Miaka yote hii namwambia, Christelle pokea simu, mimi nina unga mikononi. Siku zote anapokea. Na sikuwahi kuliandika hilo kama jambo.

Jumanne, 23 Machi

Mwalimu amejibu. Mistari miwili. Amesema hajawahi kufanya hivyo, na haoni kanuni inayokataza. Baada ya Pasaka.

Ziada amepiga vigelegele kwenye ngazi, mzee wa ghorofa ya tatu akafungua mlango kuuliza kama kuna moto.

Ijumaa, 16 Aprili

Mbingu imefungwa. Mlima umelipuka Aisilandi na majivu yametanda juu ya Ulaya, hakuna ndege inayoruka. Ziada alikuwa aende Tanga leo kwa harusi ya mdogo wake. Amebaki sebuleni kwake na masanduku, amevaa nguo ya safari, anatazama taarifa ya habari na kuusema ule mlima kama mtu aliyetukanwa.

Nimemwachia Aurore wafarijiane, nikaenda na Christelle.

Aliingia chumba kidogo cha maktaba na simu. Mwalimu akaenda ofisini kwake, mwisho wa korido, akafunga mlango. Mimi nikabaki katikati kwenye benchi, sisikii huku wala kule. Nikaona simu ya mkononi sikioni mwa mwanangu kupitia kioo. Kwanza amesimama. Kisha ameanza kutembea. Kisha mkono wa kushoto umeanza kuzunguka hewani — nikajua. Mkono huo ukianza, nyumbani hatumnyamazishi tena.

Walizungumza hadi kengele ikalia, watoto wakapita, wakaisha, na bado. Mwalimu alipotoka sikio lake moja lilikuwa jekundu. Amesema alimwuliza Christelle angependa kusafiri wapi. Akamjibu kwamba leo hakuna pa kusafiri, kisha akamweleza kwa nini: jinsi majivu yanavyoyeyuka ndani ya injini ya ndege yakawa kama kioo na kuiziba pumzi. Mwalimu amesema hakulijua hilo. Amesema amepita, tena vizuri.

Christelle alitembea kwa adabu mpaka tulipokata kona ya jengo. Hapo akarukaruka kwenye tope la theluji kama mwanambuzi.

Alhamisi, 29 Aprili

Kurasa kumi. Tumeshusha mafaili yote, sakafu haionekani.

Mimi nilikuwa nimechagua. Insha ya enzi za mawe, yenye mwandiko mzuri. Jaribio la hisabati lisilo na kosa. Mchoro wa mmeng'enyo wa chakula, rangi za penseli. Orodha yangu ya vitabu alivyosoma. Kazi safi, ya kupeleka kwa watu.

Christelle amezitazama, akazipanga, akazirudisha zilikotoka. Akaanza kuchagua zake. Ukurasa wa sabuni tuliyochemsha ikakataa kuganda, na maelezo yake kwa nini ilikataa. Hesabu ya gia za baiskeli, imefutwa mpaka karatasi imetoboka, jibu sahihi limebanwa pembeni. Insha ya lifti. Na akachomoa karatasi moja ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa.

Ni ya mwaka 2006. Nilikuwa nimeenda Karatina kumzika mama, na Sébastien alichukua likizo akabaki nao. Nilimwachia maagizo: andika kila siku. Aliandika. Mwandiko wake, kalamu ya kampuni yao ya mabasi:

Jumatatu: magari. Jumanne: magari. Jumatano: samaki. Alhamisi: tumefungua injini ya jirani. Ijumaa: tumefunga injini, imebaki skrubu moja, hatujui yake wapi, gari inaenda.

Nilikasirika sana niliporudi mwaka ule. Gun-Britt mwenyewe alicheka akaipitisha. Leo nimecheka mpaka nimekaa chini juu ya jiografia. Nikamwambia Christelle hii haiwezi kwenda, tutaonekana watu wa ajabu. Akasema kwa Kiswidi kwamba ndiyo ya kwanza kabisa kwenda.

Sébastien alipoonyeshwa, alijitetea kwamba skrubu ile haikuwa na kazi.

Tumebishana hadi jioni. Mwisho tumekubaliana: tisa zake, moja yangu. Nimechagua mchoro wa utumbo. Sijui kwa nini. Ni mzuri tu.

Jumanne, 11 Mei

Kiswidi cha kusema. Hili halina simu. Lazima mtu asimame mbele ya kikundi kidogo aeleze jambo. Mwalimu wa Kiswidi ameshaelezwa na yule mzee wa sweta, na amepunguza wasikilizaji wawe wanafunzi wanne, lakini hapo ndipo alipofika.

Asubuhi nilikuwa navaa koti. Christelle akasimama mbele ya mlango. Akaniomba nisije. Si korido, si nje ya geti. Kabisa.

Nilivua koti. Nilitaka kumwambia mengi, nikamwambia achukue kofia.

Ameondoka na mfuko wa plastiki mzito. Ndani kulikuwa na kipande cha breki ya basi, kimelika upande mmoja, amepewa na baba yake.

Sikuweza kukaa. Ilikuwa zamu yetu ya chumba cha kufulia, chini kule, nikateremka na nguo. Nikafua nyeupe. Nikaziangalia zikizunguka. Zilipoisha nikazirudisha nikazifua tena. Ziada akanikuta. Hakuniuliza kitu, akaanza kukunja mashuka nami, ncha kwa ncha, akinisimulia harusi ya Tanga ambayo mwishowe aliiwahi, maana wakwe nao walichelewa kwa sababu zao, hata bila majivu.

Christelle alirudi saa za mchana. Aliweka mfuko mezani, akafungua jokofu, akala viazi baridi kwa mkono. Nikangoja. Nilikuwa nimejiapiza nisiulize, na sikuuliza, ingawa nilipangusa meza ile ile mpaka Aurore akaniambia imetosha.

Kisha ikaja kwa vipandevipande. Alisimama mbele yao na sauti haikutoka. Kama siku ile. Basi akatoa breki akaiweka mezani, maana alikuwa amebeba uzito wote ule. Ikalia, kishindo. Kijana mmoja akauliza hiyo ni nini. Akamjibu ni breki. Msichana akauliza mbona imelika upande mmoja tu.

"Na hilo ndilo swali lenyewe, mamma," aliniambia kwa Kiswidi, mdomo umejaa viazi. Akawaeleza kwa nini. Hakuwaangalia wao, aliangalia breki, na wao wote wakaiangalia breki.

Amepita. Si kwa alama ya juu. Mwalimu amesema sauti iko chini na macho yako mezani. Amepita!

Sébastien ameshuka dukani akarudi na keki yenye ganda la kijani la marsipani, lozi zilizosagwa na sukari, ambayo hakuna anayeipenda isipokuwa yeye. Ameila karibu yote.

Jumamosi, 22 Mei

Jua hadi saa nne usiku. Watu wa mtaa mzima wako nje, moshi wa nyama kila uwanja. Aurore ameandikishwa shule, Agosti anaanza. Gun-Britt amekuja kwa mara ya mwisho kwa Christelle. Ametia sahihi, kisha akabaki mpaka birika likaisha. Amesema anastaafu mwakani na atayakosa mandazi. Nimempa mfuko aondoke nao. Mlangoni ameuliza kama nitarudi kufundisha. Mimi? Watoto wa watu? Nimecheka. Baadaye nimejikuta natafuta vyeti vyangu vya Karatina, viko wapi. Viko chini ya mafaili.

Barua ya mahojiano imefika. Ni Jumatano, tarehe mbili Juni.

Jumatano, 2 Juni

Naandika hapa hapa, kwenye korido ya gimnasiamu. Harufu ya mafuta ya mashine na mpira. Nyuma ya ukuta kuna karakana, kompresa ya upepo inanguruma.

Safari hii ameniruhusu nije. Nimekuja na kigari cha sokoni kilichojaa mafaili. Ameniambia hayatahitajika. Najua. Nimekuja nayo.

Anayemhoji ni mwalimu wa karakana, mwanamke mwenye nywele fupi, mikono imekauka kwa kazi. Amenisalimia, amekitazama kigari. Wameingia wakafunga mlango.

Kimya. Nasikia sauti ya mwalimu peke yake. Swali. Kimya. Swali lingine. Kimya kile nakijua, nimeishi nacho.

Sasa hivi mwalimu ametoka. Ameacha mlango wazi kidogo, ameinama kwangu, kwa sauti ya chini. Kasema kurasa zimemfurahisha sana, hasa ule wa skrubu. Lakini binti hajasema mengi. Angependa kuelewa: miaka saba nyumbani, alikuwa akifanya nini hasa? Labda mama unaweza kutusaidia?

Mama anaweza. Mama ana jibu hapa magotini, mwaka kwa mwaka, ukurasa kwa ukurasa. Nimesimama. Mkono umeshika zipu ya kigari.

Nikaona kwa ule upenyo. Christelle amekaa wima, ananiangalia mimi. Hakutikisa kichwa. Hakuniomba kitu. Alikuwa anangoja aone nitafanya nini.

Nimemwambia mwalimu, "Muulize yeye hilo hilo. Mpe muda."

Nimekaa. Mwalimu ameniangalia, amerudi ndani, kiti kimekwaruza sakafu. Nimemsikia akiuliza. Safari hii mlango umebaki wazi kidogo.

Kompresa imezima, hata huo mngurumo hakuna. Mimi naandika ili mikono iwe na kazi.

Anasema. Kwa Kiswidi, sauti iko chini lakini iko: mwaka wa kwanza mama yake hakujua kabisa afanye nini naye.

Mwalimu amecheka. Na yeye amecheka.

Ni kweli tupu, na haimo kwenye faili lolote. Sasa ameingia mwaka wa pili. Bado mitano.